Mkataba wa Mseja

Ijumaa ile, nusu saa kabla maombi ya likizo hayajafungwa, Bi Ratiba aliipitia orodha kwa mara ya nne, na mbele ya namba tisa palikuwa bado patupu.

Bi Ratiba si jina alilopewa na wazazi. Marubani ndio waliombatiza, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye ofisi ya kupanga zamu akiamua nani aruke Jumapili alfajiri na nani abaki kitandani na mkewe. Alishaletewa chokoleti za kila uwanja wa ndege. Alishaletewa manukato. Kuna mmoja alimletea mbuzi. Vyote alivirudisha kwa wenyewe, na mbuzi ndiye aliyerudi kwa taabu, maana alikuwa ameshaanza kula majalada. Hata Rubani Mkuu, alipoomba siku mbili ili amwoze binti yake, aliambiwa kwa heshima zote, "Samahani sana, mzee, fomu yako imechelewa kwa saa mbili."

Katika kampuni ile likizo ilikwenda kwa ukongwe. Aliyeajiriwa mwanzo alikuwa namba moja, aliyeajiriwa juzi alikuwa namba sitini na nne. Wenye namba ndogo huchagua wiki wanazozitaka, wa mwisho huokota makombo. Kwa hiyo rubani anaweza kusahau siku aliyozaliwa mkewe, anaweza kumsahau hata mke mwenyewe, lakini fomu ya likizo haisahau ng'o.

Na namba tisa alikuwa Kapteni wake yeye. Kampuni nzima ilijua, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kikohozi chao kilikuwa kimeingia mwaka wa tano.

Alimpigia simu. Haikupatikana, alikuwa angani, na yeye mwenyewe ndiye aliyempangia safari hiyo. Aliitazama saa ya ukutani. Walikuwa wamekubaliana kufunga ndoa katika wiki tatu za mwisho wa mwaka, shule zikiwa zimefungwa na ndugu wote wakiwa na nafasi. Ndoa hiyo ilishaahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza marubani wanne walihama kwa mpigo, Kapteni akarudishwa kazini siku sita kabla ya harusi. Mara ya pili mama yake Kapteni alifiwa na mdogo wake. Mara ya tatu ndege iliharibika ugenini, bwana harusi akakaa hotelini siku nne akisubiri kipuri, huku bibi harusi akiwapigia simu wageni mmoja mmoja kuwaambia wasije. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Bi Ratiba lilikuwa limeuma vya kutosha. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

"Amechoka, amesahau," alijiambia.

Wiki hizo walitakiwa kupumzika makapteni wawili tu. Nafasi ya kwanza ilishachukuliwa na namba mbili. Namba tisa asipoomba, nafasi ya pili ilikuwa ya namba kumi, mtu mpole waliyemwita Baba Pacha, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kuwa nyumbani wanawe wakifunga shule. Alikuwa ameshapita pale ofisini mara mbili wiki ile kuuliza kama kuna tumaini.

Saa kumi kasoro dakika saba, Bi Ratiba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifungua fomu ya namba tisa, akaingiza tarehe mwenyewe, akabonyeza. Orodha ilitoka jioni ileile. Baba Pacha aliisoma ubaoni, akasimama pale kidogo, kisha akapitisha kichwa mlangoni.

"Hamna neno, Bi Ratiba," alisema. "Namba ni namba. Mwakani na sisi tutaonekana."

"Mwakani, Baba Pacha," alijibu, na hakuweza kumtazama.

Alirudi nyumbani na aibu, na juu ya aibu hiyo alikuwa na furaha. Ndivyo yalivyo mapenzi. Yanakufanya mwizi, halafu yanakuimbia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kesho yake, Jumamosi saa nane mchana, Kapteni alibisha hodi.

Aliyekwenda kumfungulia ni baba yake Bi Ratiba, na hilo peke yake lilikuwa habari. Mzee huyo alikuwa fundi mstaafu wa ndege. Injini zilikuwa zimemla sikio la kushoto, na bado alizungumza kama anayeshindana nazo. Kwa miaka mitano alimpinga Kapteni waziwazi. "Nimewatengenezea ndege miaka thelathini na miwili, nawajua," alikuwa akimwambia bintiye. "Rubani hana kwake, ana viwanja." Hakumwita kwa cheo wala kwa jina; alimwita "yule dereva wako". Lakini wiki tatu zilizopita alimkuta yule dereva yuko juu ya paa anaziba bati lililovuja, bila kuombwa na mtu, na tangu siku hiyo alikuwa amepunguza maneno.

"Karibu, mkwe!" Mzee alinguruma.

Bi Ratiba alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Alisimama palepale. Miaka mitano alikuwa akilingoja neno hilo. Alimtazama Kapteni aone litakavyomfurahisha, akaona uso wa mtu aliyepewa zawadi mbele za watu na hajui aiweke wapi.

"Shikamoo, Mzee," Kapteni alisema, akitazama viatu vyake.

"Marahaba, marahaba. Kaa. Mimi nakwenda uani na redio yangu, sitaki kusikia mambo ya vijana."

"Mzee, hapa hakuna kijana," Bi Ratiba alisema.

"Kwangu mpo wawili." Akatoka akicheka peke yake.

Walikaa kwenye meza ya kulia, kando ya dirisha lililofunguka uani. Kapteni alikuwa na miaka arobaini na mmoja na mvi chache juu ya masikio, zile ambazo Bi Ratiba alikuwa amekatazwa kuzihesabu na alizihesabu kila mara. Alimimina chai. Kwa kawaida Kapteni angeshika mkono wake kabla ya kushika kikombe. Leo alishika kikombe. Kisha akakiweka chini bila kunywa, akatoa bahasha kubwa kwenye mkoba.

"Mpenzi, Jirani wameniandikia."

Jirani ndilo jina marubani waliloipa kampuni shindani. Makao yake yalikuwa safari ya saa saba kwa ndege, lakini kila baada ya miezi michache ilibisha hodi kwa mtu, ndiyo maana wakaiita hivyo. Wale wanne waliohama kwa mpigo na kuvunja harusi ya kwanza walikwenda huko huko.

"Wamekuandikia lini?"

"Siku si nyingi. Nimekuja na mkataba wao, na huu hapa ni wetu. Wewe ndiye mwenye akili ya mambo haya. Nilinganishie."

"Ili iweje?"

"Ili nijue."

Moyo wa Bi Ratiba uliruka kidogo, kisha ukatulia. Kuuliza si ujinga, alijiambia. Mwanamume aliyeletewa mkataba mnono anautia kwapani, anakuja kwa mwenzake na kusema nilinganishie. Wangapi wanaletewa mikataba wakawauliza wenzao kwanza? Alivaa miwani. Alichukua karatasi, akapiga mstari katikati, upande mmoja akaandika "Sisi", upande wa pili "Jirani". Hivi ndivyo walivyopendana tangu mwanzo. Siku ya kwanza Kapteni alikuja ofisini kwake kulalamika kwamba amepangiwa safari za alfajiri nyingi kuliko wenzake, naye akamkalisha, akamhesabia moja moja mpaka akakubali kwamba hajaonewa. Mtu akaondoka anacheka, kesho yake akarudi bila malalamiko.

"Haya. Mshahara," alisema. "Hapa unapata elfu nne na mia mbili kwa mwezi, na haujapanda mwaka wa nne huu."

"Na hautapanda."

"Usinisemee kampuni. Wao wanakupa ngapi?"

"Elfu tisa na mia moja."

Aliandika. Hakuwa mtoto; tarakimu ile ilimgonga. "Wanajua kubisha hodi," alisema.

"Na ndege ni kubwa. Zile za injini nzito. Mwisho wao wa kuchukua mtu ni miaka arobaini na miwili. Mwakani hata nikipiga magoti hawanichukui."

"Nakusikia. Twende polepole. Saa za kuruka?"

"Tisini kwa mwezi."

"Hapa huvuki sabini, mimi ndiye ninayekupangia. Kwa hiyo sehemu ya hizo pesa ni jasho, si zawadi." Aliandika pembeni. "Muda wa majaribio mwaka mmoja. Ukongwe unaanza upya. Unajua maana yake? Hapa wewe ni namba tisa. Kule utakuwa..." Alifunua ukurasa. "Mia sita na kumi na mbili. Kapteni wangu, utaomba likizo baada ya watoto uliowafundisha mwenyewe kuendesha."

Kapteni alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. Alikuwa anamtazama yeye, si karatasi. Alimtazama miwani, alimtazama vidole, alimtazama kile kipande cha nywele kilichomwangukia kila alipoinama. Bi Ratiba aliona anavyotazamwa, na mwili ukamsisimka kama msichana. Hakujua kwamba anatazamwa hivyo na mtu anayetaka kukumbuka.

"Likizo," alisema. "Sisi siku thelathini. Wao arobaini na mbili. Wametushinda. Lakini soma hapa: tarehe zitapangwa na mwajiri kulingana na mahitaji. Siku arobaini na mbili usizochagua, na thelathini ulizochagua mwenyewe, kipi bora? Mimi naona..."

Kidole chake kilikuwa kimesimama chini ya mstari uliofuata. Alivua miwani, akaifuta kwenye ukingo wa nguo, akaivaa tena. Mstari ulikuwa haujabadilika.

"Tiketi ya likizo ya mwaka: moja," alisoma. "Mbona moja?"

Kapteni aligeukia dirisha.

"Wale wanne waliohama, uthibitisho wa saa zao za kuruka ulipita mezani kwangu. Niliiona mikataba yao. Tiketi zilikuwa kwa familia nzima, mmoja alipewa sita. Wewe mbona moja?"

"Wana mikataba ya aina mbili."

"Najua wana aina mbili. Ya mwenye familia na ya mseja." Alivuta karatasi ya mshahara, akaanza kujumlisha kwa sauti ya chini, maana hesabu ilikuwa kimbilio lake kila alipoogopa. "Mshahara elfu sita na mia tano. Saa za kuruka elfu moja na mia mbili. Hiyo ni elfu saba na mia saba. Wewe umesema tisa na mia moja. Elfu moja na mia nne inatoka wapi?"

"Mpenzi..."

"Nakuuliza inatoka wapi."

"Ni fidia. Mtu asiyekuja na familia wanampa fidia ya nyumba kubwa, shule, matibabu..."

"Ya mke."

"Ya mke," Kapteni alisema.

Kule uani redio ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Bi Ratiba aliitazama ile karatasi yake yenye mstari katikati. Elfu moja na mia nne kwa mwezi. Hakuwahi kujua kwamba kutokuwepo kwake kuna bei, na kwamba ni nzuri hivyo.

"Lakini bado hujasaini," alisema haraka, akijishika pale penye kushikika. "Si ndiyo? Umekuja tulinganishe. Basi waambie unataka ule wa familia. Ndoa si mwisho wa mwaka? Waambie unaoa."

"Wa familia una foleni. Mwaka, mwaka na nusu. Nyumba hazitoshi. Na mimi mwakani umri umepita. Wasio na familia wanawataka sasa hivi."

"Sasa hivi lini? Darasa linaanza lini?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Tarehe ilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito, na Bi Ratiba alikuwa mtu wa kusoma tarehe. Tarehe mosi, mwezi wa kumi na mbili. Akaanza kurudi nyuma kama alivyofanya kila siku ya kazi yake, maana ratiba hupangwa kuanzia mwisho.

"Kapteni wa kampuni yetu anatoa notisi ya miezi mitatu," alisema. "Kuanza darasa tarehe mosi mwezi wa kumi na mbili, barua lazima iwe imefika tarehe mosi mwezi wa tisa. Leo ni ishirini na nane mwezi wa tisa."

Kapteni alifumba macho.

"Umesaini," alisema Bi Ratiba.

"Ndiyo."

"Umesaini, ukapeleka barua, mwezi mzima umekula chakula kwenye meza hii."

"Barua iko kwa Rubani Mkuu. Nilimwomba asiilete kwenu mpaka niongee na wewe. Kila siku nilikuja niongee. Siku ile nilipanda juu ya paa kwa sababu nilishindwa kuongea. Nilikuja na maneno, nikakuta bati linavuja, nikaona afadhali bati."

"Kwa hiyo fomu ya likizo hukuisahau."

"Fomu gani?"

"Ya likizo! Ilifungwa jana!"

"Aa. Hapana, sikusahau. Ningeomba likizo ya nini wakati..."

"Nilikujazia."

Kapteni alimkodolea macho. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyemnyima Rubani Mkuu kwa saa mbili?"

"Mimi, mimi, mimi!" Aligonga meza mpaka vijiko vikaruka. "Nilimnyang'anya Baba Pacha wiki tatu za wanawe nikakupa wewe! Nilijua mtu wangu amechoka, amesahau, nikasema mbele ya Mungu hii moja tu nitaiba, ya harusi yangu! Na wewe ulikuwa umeshajiandikisha mseja!"

Alilia. Hakulia vizuri, kama wanavyolia wanawake wa kwenye picha. Alilia kwa mabega na kwa pua, miwani ikaingia ukungu, na Kapteni aliponyoosha mkono aliusukuma mbali. Kapteni naye machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa muda fulani walikaa hivyo, watu wazima wawili, meza na mikataba katikati yao.

"Jumatatu nitaenda kwa bosi wangu," Bi Ratiba alisema mwishowe, akijifuta. "Nitamweleza nilichofanya. Baba Pacha apewe wiki zake."

"Usijiharibie kazi. Mimi naondoka, nafasi itabaki wazi, apewe kimyakimya."

"Atapewa, na nitasema. Wewe kaa na mambo yako ya kimyakimya."

Lile lilimwingia Kapteni. Aliinamisha kichwa. "Nilistahili hilo," alisema. "Lakini nisikilize. Miaka mitatu tu. Mkataba wa mseja ni miaka mitatu, halafu naruhusiwa kubadilisha. Nitakuja kila likizo."

"Kwa tiketi moja."

"Nitanunua nyingine. Nitakuwa na uwezo."

"Na likizo wasipokupa mwaka mzima? Nimeusoma huo mkataba, Kapteni. Umenipa mwenyewe niusome. Mwaka wa majaribio hakuna likizo. Mwaka wa pili unapangiwa wewe ukiwa namba mia sita. Mimi nina miaka thelathini na saba. Nikikusubiri nitakuwa na arobaini, tena kama hakuna kipuri kitakachokosekana."

"Subira huvuta heri."

"Imevuta mara tatu. Kamba imekatika."

Kapteni alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya mtu mchovu kabisa. "Tangu nilipokuwa rubani msaidizi naitamani ile ndege. Naiona imepaki pembeni yangu, nakaa kwenye kile kidege chetu, najiona kama baba anayeendesha baiskeli ya mwanawe. Mama yangu ananiuliza, mwanangu, lini utarusha yale madege makubwa? Nikawaza nikikuambia, utaniomba nibaki. Na ukiniomba nitabaki. Na nikibaki, siku moja nitakutazama mezani kama hivi, nikulaumu."

"Sasa kwa nini ulikuja na karatasi? Ulishasaini. Kwa nini unikalishe hapa na kalamu, nijumlishe kama mjinga?"

"Nilitaka uniambie nimefanya sawa," alisema. "Wewe hukosei hesabu. Ukisema ni sawa, nitalala."

Bi Ratiba alimtazama. Angetaka amchukie, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini alikuwa anamtazama mtu yuleyule ambaye siku ile alimhesabia safari zake za alfajiri, mwenye mvi zilezile, na alimpenda mpaka mbavu zikamuuma.

"Umefanya sawa," alisema. "Mshahara wao ni bora. Ndege ni bora. Siku za likizo ni nyingi, hata kama huzichagui. Mama yako atafurahi. Kwa kila kilichoandikwa hapo, umefanya sawa."

Kapteni aliinuka. Alianza kukusanya karatasi, na mikono iliyozoea kutua na abiria sabini na wawili bila kumwaga chai ya mtu ilishindwa kuingiza karatasi kwenye bahasha. Bi Ratiba akamsaidia. Vidole vyao vikagusana, vikakaa hapo kidogo, kisha kila mmoja akachukua vyake.

Mlangoni aligeuka.

"Niambie kitu kimoja. Nisipojua hiki nitakufa nacho. Ningekuuliza mwezi ule, kabla ya kusaini. Ningekuambia twende wote, tungoje foleni ya familia, umri ukinipita na unipite, au tufunge ndoa kesho yake tujaribu bahati. Ungesemaje?"

Bi Ratiba alijua jibu lake. Alikuwa nalo tangu miaka mitatu iliyopita, wale wanne walipohama. Siku hiyo, kabla hata hajaanza kuwapigia wageni simu, alikuwa ameshatafuta kwenye kompyuta ya ofisini nauli za kwenda kule, na kodi za nyumba, na kama kampuni ile huajiri wapanga zamu. Huajiri. Alikuwa ameshamuuliza shangazi yake kama anaweza kuishi na Mzee. Shangazi alisema hata leo aje. Vyote hivyo alikuwa ameviweka tayari, akingoja siku moja mwenzake aulize.

Aliuona uso wa Kapteni. Ulikuwa unamwomba. Na kesho asubuhi mtu huyu alikuwa na safari ya saa kumi na mbili, watu sabini na wawili nyuma yake. Yeye ndiye aliyempangia.

"Ningekataa," alisema, na sauti ikatoka nzima, haikutetemeka popote. "Baba yangu yuko hapa. Kazi yangu iko hapa. Ningekataa."

Kapteni alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo begani, na mabega yake yakashuka nayo.

"Nilijua," alisema, karibu atabasamu. "Nilijua ungekataa. Ndiyo maana sikukuuliza."

Alimbusu kwenye paji la uso. Alimwambia asante. Bi Ratiba alisikia hatua zake zikishuka ngazi mbili za barazani, lango likifunguliwa, lango likifungwa taratibu, maana hakuwahi kuwa mtu wa kubamiza, kisha gari likaondoka. Alirudi mezani akakaa. Chai ya Kapteni ilikuwa haijaguswa.

Baba yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Redio haikuwa inasikika.

"Mlipoanza kupiga kelele niliizima," Mzee alisema. Kwa mara ya kwanza tangu bintiye amfahamu, aliongea kwa sauti ndogo. "Mwanangu. Ungekataa kweli?"

"Ningekwenda, Baba. Hata kwa miguu ningekwenda."

"Sasa mbona umemwambia hapana?"

"Kwa sababu yeye ameshakwenda, Baba."